Robe ya ndoa niliyoipasula leo asubuhi

Leo nimepasula robe, gauni ya mujukulu wangu, na makasi, na haya siko nayo.

Kwetu siku ya ndoa banamuke bote ba familia tunavaa kitenge moja. Nguo ni ileile, basi macho inabakia ku mwili ya mwenzako.

Mujukulu wangu Solange ni mufupi kama miye, kifua kubwa kama miye. Ye anakionea haya. Alimuambia fundi amushonee robe mupana, kifua isionekane.

Leo asubuhi Solange akatoka mu nyumba na robe hiyo. Kitenge inaanzia ku maziba, pa kifua, inateremuka mbali na tumbo kama hema.

Wifi yangu Chantal akauliza: «Solange, mimba ni ya miezi ngapi?»

Bote bakacheka. Mutoto akarudia ndani, ati ku kanisa haendi tena. Na ni dada yake ndiye anaolewa.

Nikamufuata. «Ulitaka kuficha kifua, umeficha kiuno, sasa unabeba mimba ya bure. Mujinga. Simama.»

Nikakata robe ku mbavu, nikashona na mukono. Kifua ikakaa pa nafasi yake, kiuno ikaonekana.

Ku kanisa alitembea kichwa juu. Balimuangalia kuliko bibi-arusi, na mi nikasikia raha.

Kisha Chantal akanivuta pa kando, sauti ya chini: «Wifi, hata yangu unaweza kuikaza?»

Nikamuangalia juu mpaka chini.

«Mama, robe inakazwa pa kiuno. Weye nitakukaza wapi?»

Mpaka saa hii hanisemeshi. Sasa museme, ni nani alianza?