Usiku wa Akiba Kabla ya Meli

Namshukuru Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku na Mwenye kusitiri, aliyenilisha kwa kazi ya halali tangu ujanani hadi mvi. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo, nawaandikia ninyi vijana mnaoingia katika kazi ya kusafirisha wageni, ili mjue tulivyoifanya, na mjue jambo moja ambalo bado linanichoma.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kiti kisicho na mgongo katika ofisi ya safari ndani ya hoteli moja ya Diani. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Karani Mkuu, mtu mkali, mwenye sauti ndogo. Baada ya salamu hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniuliza meli ikitangazwa kuondoka saa kumi na moja jioni, abiria awe bandarini saa ngapi. Nikajibu saa kumi na nusu. Akasema, "Basi wewe umeshamwacha mgeni wako nchi kavu."

Ndipo akanifundisha. Saa ya kuondoka ni ya nahodha, si ya abiria. Ngazi ya kupandia huondolewa mapema, pasipoti zikiwa zimekwisha kukaguliwa, na ikishaondolewa hairudishwi kwa ajili ya mtu. Ndege nayo ina mambo yake. Zile ndogo zinazotoka mbugani hutua Ukunda mchana tu, kwa kuwa uwanja hauna taa, na huko zinakotoka njia ya kurukia ni ya nyasi na udongo, mvua ikinyesha rubani hukaa chini akingoja pakauke. Tena ukishatua Ukunda bado hujafika. Mbele yako kiko kivuko cha Likoni, na feri haimjui mwenye haraka.

Kwa hiyo ofisi yetu ilikuwa na sharti tuliloliita usiku wa akiba. Mgeni anayekwenda kupanda meli Mombasa hulala kisiwani usiku wa kabla yake, apende asipende. Ndege ikichelewa, ule usiku ndio unaolipa. Nilifanya kazi kwa sharti hilo miaka mingi, Diani, kisha Msambweni nilikopelekwa kusimamia safari za mashua za Funzi, kisha Diani tena. Alhamdulillahi, sikumbuki mgeni wetu hata mmoja aliyeachwa na meli.

Mwishoni mwa miaka ya tisini Karani Mkuu alistaafu, tukaletewa Meneja wa Tawi. Alikuwa mtu wa pwani kama mimi, aliivuka Likoni tangu akiwa mtoto, kwa hiyo sitamtafutia udhuru wa ugeni. Aliufuta usiku wa akiba. Alisema wageni wanataka asubuhi moja zaidi ya kuona simba, na washindani wetu wanawapa. Nilimwambia kwa adabu kwamba hilo litatuletea balaa. Akacheka, akaniambia, "Mzee Omari, wewe unaogopa maji kama paka. Sema inshallah, upange safari."

Nilikasirika siku ile na nimekasirika leo ninapoandika. Inshallah ni neno la mtu aliyekwisha kufanya wajibu wake, akabakisha kwa Mola lililo la Mola. Si kifuniko cha uzembe.

Haukupita muda, ikaja Ijumaa yenyewe. Mume na mke, wote walimu wastaafu, walikuwa watoke Maasai Mara kwa ndege ya asubuhi, watue Ukunda kabla ya adhuhuri, na jioni hiyohiyo wapande meli Mombasa. Dereva alikuwa Bakari, Mdigo wa Ukunda, mtu mpole ambaye sijawahi kumjua akikosa swala ya Ijumaa. Alikuja kuniuliza aende msikitini au angoje uwanjani. Nikamwambia ndege imeshachelewa na haijulikani itatua saa ngapi, na amana ya watu iko mikononi mwake. Akabaki uwanjani. Adhana ya Ijumaa ilimfikia akiwa amesimama kando ya gari. Wakati wa swala ulipompita, alitandika mswala wake kivulini, akaswali adhuhuri peke yake. Ndege wakati huo ilikuwa bado Mara, kwenye tope. Meneja akapita na gari lake, akamwona amesujudu.

Ndege ilitua alasiri imekwisha kuingia. Bakari aliwapakia wageni akaenda kwa mwendo wa halali, akafika Likoni akakuta foleni. Gari lake lilipokaribia maji, feri ikazuiliwa, kwa kuwa meli kubwa ilikuwa inatoka bandarini na mlango wa bahari ni mmoja. Meli ikapita mbele yao, nyeupe, ndefu, watu wamejaa kwenye sitaha wanapunga mikono. Yule mama akashuka garini, akapunga naye kwa furaha. Mumewe alikuwa amesoma jina ubavuni. Akamshika mkewe mkono, akaushusha.

Jumatatu Mkurugenzi alifika kutoka Nairobi. Tuliitwa watatu: mimi, Bakari, na Rose, binti wa Mackinnon Road aliyekuwa akishika redio ya kuzungumza na marubani. Meneja alieleza, bila kupepesa jicho, kwamba dereva alikuwa kwenye swala na wageni wakacheleweshwa. Kabla sijafungua mdomo, Rose alisema, "Boss, hiyo si ukweli. Mimi ndio nilikuwa kwa redio. Huyu akiswali, ndege ilikuwa haijaruka. Mimi ni wa kanisa, sina haja ya kumtetea Mwislamu na uongo."

Nami nikaeleza habari ya usiku wa akiba, nani aliufuta na kwa nini. Mkurugenzi alitusikiliza hadi mwisho. Aliamini, nilimwona usoni. Kisha akasema, "Shida ni kwamba wageni wameshaambiwa ni dereva. Hatuwezi kwenda kuwaambia mara ya pili kitu kingine."

Bakari akaachishwa kazi siku ile. Meneja akabaki. Mimi na Rose tulikwenda wenyewe kwa wale wageni tukawaambia kweli, na Mwalimu yule mzee aliinamisha kichwa, akaomba tumpelekee Bakari salamu na radhi zake. Tulizifikisha. Kazi haikurudi.

Habari ilienea Ukunda haraka, na ikageuka njiani. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, mzee mmoja wa msikiti alisimama akamsifu Bakari mbele ya jamaa wote, kijana aliyekubali kufukuzwa kazi kuliko kuiacha Ijumaa. Watu wakaitikia takbiri. Ilikuwa heshima ambayo mtu aliyepoteza kila kitu angeweza kuichukua akaenda nayo nyumbani kwa mkewe.

Bakari akasimama polepole. "Shikamooni wazee wangu. Nisameheni. Ijumaa ile sikuwamo humu. Nilikuwa uwanjani nangoja ndege. Msinisifu kwa swala iliyonipita."

Mzee akamuuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, umefukuzwa kwa kosa gani?"

"Kwa mvua ya Maasai Mara, baba."

Wachache walicheka. Mimi sikuweza.

Sasa nimestaafu, niko Msambweni, afya ipo na shukrani ipo. Hasira yangu nimeiombea dua mara nyingi na bado haijaondoka yote, nami nadhani sehemu yake ni haki. Kila nikisikia ofisi imempangia mgeni ndege na meli siku moja, huwa namfikiria dereva kwanza. Mpanga safari huwa ndani, kwenye kivuli. Anayeulizwa ni yule aliyesimama na gari juani. Ukikaa kwenye kiti kile, weka usiku wa akiba, na usipouweka, lawama ibebe wewe.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe riziki isiyo na dhuluma ya mtu ndani yake, akufikishe salama kila unakokwenda, na akupe ulimi kama wa Bakari siku utakaposifiwa kwa lisilo lako. Amin.