Nilikataa Kitanda cha Shelta kwa Sababu ya Eda

Admin, nifichie jina, maana shemeji yangu naye ni mfuasi wa ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, mtu wa Tanga, naishi Johannesburg na binti yangu wa miaka sita. Mume wangu alifariki mwaka huu wa 2018. Nikakaa eda, ile miezi ambayo mjane hatoki nyumbani, kwenye chumba chetu ndani ya ghorofa moja bovu karibu na Newtown.

Eda haijafika nusu, mahakama ikaamuru tuhame, jengo lisije likatuangukia. Manispaa ikaambiwa itutafutie pa kujihifadhi, ikatuletea shelta, makao ya muda ya wasio na nyumba. Masharti yake sasa! Saa mbili asubuhi wote nje, mlango unafungwa hadi jioni. Mjane mzima nikashinde kwenye robot, hizi taa za barabarani, katikati ya magari na wauza chaja? Thubutu! Shemeji, mdogo wa marehemu, akaja juu: "Mke wa kaka yangu hazururi mjini na eda. Kataa! Mimi nipo, njoo kwangu Rosettenville." Bwana wa ofisi ya manispaa akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu kwa kiburi, sitaki.

Maneno matamu ya shemeji hayakudumu. Mkewe akaanza kufunga jiko, akawa anamnunia mwanangu hata kwa kipande cha mkate. Juzi shemeji kanikalisha, macho chini: "Shemeji, chumba tunakihitaji. Rudi ofisini wakupe ile shelta." Eish! Nilitaka kucheka, nikalia.

Nikapiga simu ofisini. Yule bwana wala hakuwa mkali. "Mama, ulipewa mahali ukapakataa. Umejikosesha makao mwenyewe, sisi hatuna wajibu nawe tena."

Nikampigia sheikh, nikijua yeye atanitetea. Akasema, "Mwanangu, kwa dharura mjane anaruhusiwa kutoka mchana. Mbona hukuniuliza?" Jamani! Niliogopa midomo ya watu, dini yangu mwenyewe sikuiuliza.

Sasa shelta hawanitaki, na shemeji anataka chumba chake Ijumaa. Tanga wazazi wangu walishatangulia mbele ya haki. Mtoto ananiuliza kwa Kiingereza chake tunahamia wapi, namdanganya kwamba bado nachagua nyumba.

Ndugu zangu, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni, Ijumaa nimshike mtoto mkono nielekee wapi?