Kibo Leo Iko Wazi

Kwa miaka ishirini na saba Kaanaeli aliwaendesha watalii, na alikuwa na mtindo mmoja uliofanya makampuni yamgombanie. Akifika penye mandhari, hakuegesha tu kama mtu aliyefika sokoni. Aliilaza gari mshazari mpaka vioo vya wageni vielekee mlimani, yeye akabaki anatazamana na mtaro. Ukimuuliza habari za milima atakueleza vizuri sana. Ukimuuliza za mitaro, vizuri zaidi.

Sasa amestaafu, yuko kwake Kikwe na mahindi yake na ng'ombe wawili. Mwezi Novemba daktari alimpima, akasema ni presha ya macho, imeshakula sehemu kubwa, na kilicholiwa hakirudi. Gari aache. Kaanaeli alimwambia mkewe peke yake. Wengine angewaanzaje, wakati hata kanisani wanamwita Dereva?

Basi Januari, rafiki zake wawili walipopanga kuuzunguka Mlima Meru na kumpa ufunguo, aliupokea. Hapa sina la kumtetea. Ulikuwa ujinga, na yeye alijua.

Gari ilikuwa Prado ya Aristides, muuza vipuri wa Kwa Mrombo ambaye mdomo wake haujui kupumzika. Mbele kushoto alikaa Naisiae wa Elerai, aliyekuwa mpishi wa Kaanaeli kambini kwa miaka kumi na tano. Kaanaeli mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuendesha. Walipita Usa River, wakapanda kuelekea Momella. Kaanaeli aliendesha polepole, kwa kumbukumbu: hapa kona, hapa ng'ombe huvuka. Aristides alimtania kwamba amebeba trei za mayai. Naisiae hakucheka. Mara mbili alikuwa amemwona akikanyaga breki penye tuta lililong'olewa siku nyingi.

Walipoipita Ngare Nanyuki, Kaanaeli alifika penye kituo chake cha zamani. Akailaza gari mshazari, akazima injini, akanyoosha mkono.

"Kilimanjaro ile," alisema kwa sauti yake ya kazini. "Kibo leo iko wazi. Mnaiona theluji ile kushoto?"

Upande ule wote lilikuwa wingu tupu, kuanzia chini mpaka juu. Aristides alifuta kioo kwa kiganja, akatazama tena.

"Baba Blessing," Naisiae akamwambia Kaanaeli taratibu, "tangu lini huoni?"

Angeweza kusingizia utani. Madereva wana utani mwingi wa namna hiyo. Badala yake alichomoa ufunguo.

"Tangu Novemba nina uhakika. Kabla ya hapo nilikuwa nabisha."

"Na ukatupakia."

"Nikawapakia. Nisameheni."

"Nimekasirika, nakwambia wazi," alisema Naisiae. "Wewe uliyenikataza kushika usukani nikiwa na mafua." Kisha akanyoosha kiganja, na Kaanaeli akauweka ufunguo humo. Siku zote alidhani siku hiyo ikifika atalia. Hakulia. Aliona aibu, na baada ya aibu alijisikia mwepesi kuliko alivyokuwa tangu Novemba.

Wakabadilishana viti. Njia nzima ya kwenda Oldonyo Sambu mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu kila penye kona, na Naisiae alijifanya hauoni.

Karibu na Oldonyo Sambu, Naisiae alitoka barabarani. Akarudi nyuma, akasogea mbele, akarudi tena, Aristides akilalamikia matairi yake, mpaka kioo cha Kaanaeli kikauelekea Mlima Meru sawasawa. Yeye Naisiae akabaki anatazamana na mtaro. Akazima injini.

Kaanaeli alishusha kioo. Aliona kitu kikubwa cheusi, na mwanga juu yake.

"Kuna wingu?" aliuliza.

"Hakuna," Naisiae alijibu. "Aristides, mwambie mgeni wetu anachokitazama."

Aristides akasogea mbele, akaanza kuporomosha: kileleni mawe matupu, chini yake msitu, kuna korongo hapo katikati, halafu mashamba, halafu mama mmoja na mbuzi wake, mmoja mweupe.

"Taratibu," Kaanaeli alimwambia. "Anza tena juu."