Esta na Tundu la Ndiva

Dada yangu Esta alikuwa darasa la saba, kwetu milimani juu ya Same, na nyumbani tulijivunia kichwa chake. Kichwa hichohicho ndicho kilichotutia hofu. Kipandauso kilimshika upande mmoja, jicho likamtoka machozi, akatapika, halafu maneno yakampotea. Kuna siku alinitazama mimi, mdogo wake wa tumbo moja, akakosa jina langu. Mama alitukataza kumwambia mtu. Watu wa kwetu wana midomo. Wangesema binti amerukwa na akili.

Mwaka ule wa wito wa Siasa ni Kilimo, ukame ulitubana. Maji ya mashamba tuliyakinga kwenye ndiva, bwawa letu la udongo. Aliyemwagilia leo ndiye anayeziba tundu la kutolea maji jioni, ili usiku bwawa lijae kwa ajili ya mwenzake wa kesho. Ukiacha tundu wazi, umemuulia maharage yake. Siku hiyo zamu ilikuwa yetu, na ya kesho yake ilikuwa ya Mzee Zebedayo, mtu asiyejua utani hata harusini.

Esta alirudi jua likizama, kashika kichwa, akalala bila kula. Alfajiri akaketi ghafla kitandani.

"Dorkas, niliziba ndiva?"

"Si wewe uliyekwenda? Unaniuliza mimi?"

"Nakumbuka kushika jembe. Baada ya hapo hakuna kitu."

Mimi niliyezoea kumjibu kwa ukali, nikamvuta mkono tutoke.

Tulipanda mbio. Njia nzima Esta alirudia, "Mungu wangu, tutamwambia nini?" Tulipofika, Mzee Zebedayo alikuwa ameshasimama ukingoni.

"Shikamoo, baba," tukasema pamoja.

"Marahaba. Esta, uliziba vizuri. Maji yamejaa mpaka juu."

Nilicheka kwa furaha kama mwehu. Esta alikuwa bado anatazama lile tundu, udongo ulioshindiliwa kwa mikono yake mwenyewe.

"Na yale maneno niliyokutuma jana hapa," akaendelea mzee, "umemfikishia mama yako?"

"Ndiyo, baba," Esta akajibu upesi.

Mzee akainama kufungua maji yake. Sisi tukageuka kurudi nyumbani, na tulipofika mbali kidogo dada akanishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniuma.

"Dorkas," akaninong'oneza, "mimi sikumbuki kumwona mtu jana."