Nilipima Damu ya Ndugu Yangu kwa Jina Langu

Kosa ni langu, na msinihurumie. Mimi ni mwerevu sana. Mwerevu kiasi cha kupeleka damu ya mtu mwingine maabara ili nionekane mzima!

Niko na miaka sabini na moja, naishi na binti yangu Kitengela. Kiu ilinishika, choo nacho hakikuniacha nipumzike. Binti akasema, "Baba, utapimwa. Sukari ikiwa juu, chai tamu na mafuta ya mbuzi utavisahau."

Mimi, nisahau mafuta!

Nikamwita ndugu yangu mdogo kutoka upande wa Kajiado. Amechunga mbuzi maisha yake yote, mwembamba kama fimbo yake. Na mimi, msomi wa kidato cha nne, nilijua kwamba sukari ni ugonjwa wa wenye vitambi.

"Wakiuliza jina, taja langu," nikamwambia mlangoni pa maabara.

"Na wakiuliza tumbo liko wapi?"

Tulicheka! Alikuwa akichechemea kidogo. Mwiba ulimchoma unyayo, akasema hausikii hata kidogo. Nikamsifu kwa ujasiri.

Majibu nilienda kuyachukua peke yangu. Daktari akakunja uso. "Mzee, sukari iko juu sana. Insulini, ile homoni ya kuishusha, ni kama haipo. Na kipimo hiki kinaonyesha kuna uvimbe mkali mwilini. Uko na kidonda mahali?"

"Sina."

"Vua viatu."

Nikavua. Miguu laini kama ya askofu! Akaitazama, akatazama karatasi, akatazama kitambi changu. "Ajabu," akasema.

Hapo ndipo ningesema. Lakini mzee wa kanisa akiri kwamba amedanganya maabara? Aibu gani hiyo! Nikakunja karatasi, nikajiambia mashine yao ni mbovu, na binti nikamwambia niko mzima. Ndugu yangu alipouliza, nikamjibu, "Wewe uko sawa kuliko mimi." Akarudi kwa mbuzi wake.

Baada ya miezi mitatu walimkata mguu chini ya goti.

"Mngemleta mapema," wakatuambia hospitalini.

"Tungejuaje?" binti yangu akalia. Nami nikatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu mwema. Karatasi ilikuwa ndani ya Biblia yangu.

Baadaye nilipimwa, safari hii kwa damu yangu mwenyewe. Sukari ninayo, ila vidonge vinanitosha.

Ndugu yangu sasa anakaa nasi. Anaamini ugonjwa ulimwingia baada ya kile kipimo. Na hunishukuru! "Lalashe, ndugu yangu, ni wewe peke yako uliyejali kunipeleka nipimwe."

Wazee wenzangu, toeni damu yenu wenyewe. Na ukishika majibu ya mtu mwingine, mpelekee siku hiyo hiyo, hata kama yana jina lako. Wala msidhani wembamba wa mtu ni cheti cha daktari.

Kila Jumapili baada ya kanisa, binti yangu humsomea ndugu yangu ukurasa huu wa gazeti. Jumapili ya kutoka barua hii, sitauficha. Nitakaa hapo hapo mbele yake, nimevua viatu.