Moto wa Umma Chini ya Boko

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mwalimu wa Kiingereza huko Boko, kwa hiyo walipokuja wataalamu wa miamba, mwenyekiti wa tawi la chama akaniteua niwe mkalimani wao. Hakuniuliza. Enzi zile kuteuliwa kulitosha.

Mtaalamu mkuu, Mzungu mwenye pua iliyobabuka kwa jua, alinieleza kazi yao. Wangelipua baruti mashimoni, kisha vyombo walivyochomeka ardhini kutoka barabara ya Bagamoyo hadi ufukweni vingenasa mtetemo ukirudi kutoka chini. Hapo wangejua kama, bara lilipopasuka zamani za kale, miamba iliyoyeyuka ilipanda ikakwama chini ya mwambao huu.

Nikamfasiria mwenyekiti. Alichosikia ni neno moja tu: moto.

Jioni ile akaitisha mkutano. "Ndugu wananchi, chini yetu kuna moto, na moto huo ni mali ya umma! Asiuguse mtu bila kibali cha tawi!"

Mama mwenye nyumba wangu, Mmakua wa Masasi asiyeogopa kikao, akanyanyuka. "Ndugu Mwenyekiti, ukishapatikana, na huo tutaupangia foleni kama sukari?"

Watu wakaangua kicheko. Akaamriwa akae.

Siku ya kulipua tuliombwa utulivu: asitwange mtu, isipite hata baiskeli. Mtaa mzima ukanyamaza. Baruti ikalia, na papo hapo nyuma ya shule wakatokeza mgambo kwa gwaride, wakipiga buti chini kwa nguvu, mwenyekiti mbele. Walikuja kuupokea moto kwa heshima.

Karatasi ya mashine iliyochora mtetemo ikawa mikwaruzo mitupu ya buti. Kesho yake wataalamu wakarudia kulipua, mwenyekiti akiwa kwetu barazani, amezuiwa na mama mwenye nyumba kwa birika la chai na maandazi.

Miezi ikapita, mtaalamu akarudi na majibu. Nikayafasiri mkutanoni: miamba hiyo ipo, kwenye kina kirefu mno, nayo ilipoa kabla binadamu hajakanyaga dunia.

"Ndugu Mwalimu," mwenyekiti akaninong'oneza, "fasiri vizuri."

Nilijua mwalimu mbishi huamkia barua ya uhamisho. Hata hivyo nikasema, "Ndivyo alivyosema, mzee. Imepoa."

Akakohoa, akawageukia watu. "Mmesikia! Moto wetu ulikuwepo. Umepoa kwa uzembe wa mkoloni!"

Makofi yakavuma. Mtaalamu akaniinamia, uso umemng'aa. "Wameyapenda matokeo?"

"Sana," nikamjibu.

Akasimama, akawapungia mkono.