Fundi Vigae Aliyesubiri Goti Likauke

Saa mbili kasorobo asubuhi, ndani ya nyumba ambayo bado haina milango, mwanamume wa miaka hamsini na minane ameketi juu ya ndoo ya gundi iliyopinduliwa. Mkononi ana mpini wa ufagio, ufagio wenyewe ulishang'oka zamani. Anagonga vigae vya korido kimoja baada ya kingine, kichwa kakiinamisha upande kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani.

"Hiki hapa," anasema. "Kina upepo."

Binti yake, aliyepiga magoti mbele yake akipanga safu inayofuata, hainui kichwa. "Baba, hicho kitakuwa nyuma ya mlango. Nani atakikanyaga huko?"

"Mtu wa kwanza atakayefukuza panya. Ng'oa."

Binti anang'oa. Chini ya kigae, gundi imeshika pembe tatu. Ya nne haina kitu. Baba anasogeza ndoo yake na kuendelea kugonga.

Mafundi wenzake wanamwita Milimita. Jina hilo alilipata ujanani, alipobomoa ukuta mzima wa bafu kwa sababu mstari ulikuwa umepinda kiasi ambacho mwenye nyumba alilazimika kuvaa miwani ili auone. Alirudia kazi yote bila malipo ya ziada, na mpaka leo akipita mtaa ule hugeuza shingo kuangalia dirisha la bafu hilo.

Amekuwa fundi wa vigae kwa miaka thelathini na minne, na karibu miaka yote hiyo ameitumia akiwa amepiga magoti. Goti lake la kulia sasa ni la bandia. La kushoto bado ni lake, ingawa lenyewe halina habari hiyo. Baada ya wiki tatu atarudi hospitalini kulibadilisha nalo.

Nyumbani kwake hakuna anayeuliza kama ataogopa. Wanachouliza ni kama safari hii atasikia la mtu. Goti jipya la kulia nusura aliharibu mwenyewe, na si kwa uzembe. Ilikuwa kwa ufundi. La kushoto nalo likigoma, hata kazi ya kukaa kwenye ndoo itamshinda.

Maumivu yalianza akiwa na miaka arobaini na kitu. Asubuhi magoti yalikuwa yamekaza, na ilimchukua muda kusimama wima. Pedi za magoti zilikuwepo madukani, lakini yeye na wenzake waliziona ni mambo ya watoto wachanga. Alikunja mfuko mtupu wa saruji, akaupigia magoti, akaendelea na kazi.

"Nilikuwa nawacheka waliovaa pedi," anasema. "Leo wao wanacheza mpira na wajukuu, mimi ndiye refa."

Akaingia kwenye vidonge vya kutuliza maumivu. Viwili kabla ya kazi, vikawa vinne, kisha vingine vya jioni, vyote kutoka duka la dawa na hakuna kimoja alichoandikiwa na daktari. Akaongeza dawa ya kuchua yenye harufu kali kiasi kwamba wateja walijua amefika kabla hajabisha hodi. Maumivu yalipungua, naye akapata nguvu ya kupiga magoti zaidi.

Mwaka wa tatu vidonge vilimchimba tumbo. Alianguka bafuni kwa mteja akiwa na mwiko mkononi, akalazwa siku sita kwa vidonda vya tumbo vilivyokuwa vinavuja damu. Hapo ndipo alipokutana na daktari wa mifupa kwa mara ya kwanza. Akabadilishiwa dawa, akaambiwa apunguze uzito, akapunguza kilo nane. Akachomwa sindano ndani ya goti.

"Ile sindano ilinipa miezi minne ya raha," anasema. "Nikaimaliza yote nikiwa nimepiga magoti."

Sindano ya pili ilimpa miezi miwili. Ya tatu daktari hakumchoma. Alimwonyesha picha ya eksirei na kumweleza kwamba gegedu, ule mto laini unaotenganisha mifupa, lilikuwa limekwisha. Mfupa ulikuwa unasaga mfupa. Dawa zingeweza kutuliza kelele, lakini zisingerudisha kilichosagika. Kilichobaki ni kuweka goti jingine.

Milimita alikataa kwa miaka miwili. Mke wake, ambaye anashona sare za shule sebuleni kwao, anakumbuka sababu zote. Mara msimu wa kazi, mara mvua, mara amesikia habari za mtu aliyekatwa mguu.

"Alikuwa anashuka kitandani kwa kushika ukuta," anasema mke. "Namwambia mzee, twende. Ananijibu, subiri nimalize nyumba ya fulani. Zikaisha nyumba, akaanza kutaja maghorofa."

Hatimaye maji yalimfika shingoni. Gharama ya goti moja ilikuwa sawa na ufundi wa nyumba saba. Aliuza mashine yake kubwa ya kukatia vigae, ndugu wakachanga, binti akaziba pengo. Asubuhi ya upasuaji, akiwa tayari ndani ya gauni la hospitali, lile lisilofungika nyuma, akaomba aletewe suruali yake arudi nyumbani.

Mke alimtazama toka juu mpaka chini. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," akamwambia. "Na wewe mzee umezivua kweli."

Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu, lakini masikio yalikuwa yake. Nyuma ya pazia la kijani alisikia msumeno, kisha nyundo. Akatega sikio. Mtu aliyeishi kwa kugonga na kusikiliza hakuweza kufanya vinginevyo.

"Walipogonga mara ya mwisho, mlio ulikuwa umejaa," anasema. "Nikajua hapa hakuna upepo, hawa ni mafundi. Nikamuuliza nesi, mnashikiza kwa kitu gani? Akanijibu, kwa saruji maalumu ya mfupa."

Nesi alidhani anamtuliza mgonjwa. Hakujua anaongea na nani.

Jioni ileile mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana mdogo kuliko binti yake, alifika kitandani na kumwomba akunje mguu. Milimita alimuonea huruma. Ameanza kazi juzi, akajisemea moyoni. Kigae kilichowekwa leo hakikanyagwi leo. Kazini yeye huweka matofali mlangoni, hufunga kamba, na mwenye nyumba akileta ubishi hurudishwa nje.

Akaukunja kidogo kumridhisha yule msichana, akasingizia maumivu. Kesho yake hivyohivyo. Alipopewa ruhusa akaondoka na karatasi ya mazoezi, akaiweka chini ya mto.

Nyumbani alipiga hesabu zake. Gundi ya kigae inataka siku moja. Lakini goti linabeba mwanamume mzima, kwa hiyo si kigae, ni zege. Na zege, fundi yeyote atakwambia, halipati nguvu zake mpaka siku ishirini na nane. Akaunyoosha mguu juu ya mito miwili na kutangaza kwamba hakuna wa kuugusa. Chooni alikwenda kwa magongo, mguu ameutanguliza mbele kama ubao.

Kwa kuwa zege hutaka kumwagiliwa, na bandeji haikuruhusu, alikunywa maji jagi zima asubuhi na jagi zima jioni.

Mke hakumpinga. "Mimi ni nani nibishane na fundi habari ya simenti?" anauliza. "Simu kutoka hospitali zikija, anajibu, naendelea vizuri, mwanangu. Na kweli alikuwa na raha. Amelala, anakunywa maji."

Binti alibisha, lakini alikuwa anafanya kazi mji mwingine na aliambiwa mambo nusunusu. Aliporudi na kumkuta baba yake amelala kama gogo, alishika kichwa. "Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," anasema. "Sasa kwetu mkuu mwenyewe ndiye asiyesikia, tena guu lenyewe ni lake."

Siku ya ishirini na tisa Milimita aliketi ukingoni mwa kitanda, akavuta pumzi, akakunja goti lake jipya. Halikukunjika. Akasukuma kwa mikono miwili. Akamwita mke wake asukume. Goti likagoma, na maumivu yakamfanya alie mbele ya mkewe kwa mara ya kwanza tangu waoane.

Hospitalini daktari alipima kwa kipimo cha pembe. Digrii arobaini. Mtu aliyepata riziki yake yote kwa pembe mraba alikuwa na goti lisilofika hata nusu yake. Kukaa kwenye kiti tu kunataka digrii tisini, na ngazi zinataka zaidi.

"Nani alikwambia usilikunje?" daktari akauliza.

"Saruji," akajibu.

Daktari akamweleza. Saruji ya mfupa huganda mgonjwa akiwa bado mezani, kabla hata kidonda hakijashonwa. Kinachoendelea kukaza baada ya hapo ni nyama na makovu yanayolizunguka goti, na hayo dawa yake ni kukunjwa kila siku tangu siku ya kwanza. Alikuwa ameilinda saruji iliyokwisha kukauka, huku nyama ikigeuka kuwa zege.

Yule mtaalamu wa mazoezi alianza kucheka, akajizuia, akaomba radhi. "Kosa letu pia, baba," alimwambia. "Tulikuuliza una mzio gani, una sukari, una presha. Hatukukuuliza unafanya kazi gani."

Wiki kadhaa za mazoezi makali zilimwongezea digrii kumi na mbili tu. Wakamrudisha chumba cha upasuaji, wakamlaza usingizi, na daktari akalikunja goti kwa mikono mpaka makovu yakaachia. Kabla ya kulazwa aliambiwa wazi kwamba nafasi hiyo ni moja. Asipofanya mazoezi, litakaza tena na hapatakuwa na la kufanya.

Alipozinduka, yule mtaalamu alikuwa amesimama miguuni pake. Safari hii Milimita hakumwonea huruma.

Zoezi kubwa lilikuwa la kukaa kwenye kiti na kuvuta kisigino nyuma, kikiteleza sakafuni, mpaka goti likunjike. Hapo likazuka tatizo ambalo familia ilikuwa imeliona kwa miaka na kulinyamazia. Sakafu ya fundi vigae haina vigae. Ni sakafu ya saruji tupu yenye mikwaruzo, na kisigino kiligoma kuteleza. Mganga hajigangi.

Binti alileta kigae kimoja kikubwa kilichobaki kazini, akakilaza mbele ya kiti cha baba yake. Akamvisha soksi. Kisigino kikateleza.

Mke aliinua macho kutoka kwenye cherehani. "Miaka ishirini na miwili naomba vigae humu ndani," akasema. "Kumbe vilikuwa vinasubiri mguu."

Kila siku, asubuhi, mchana na jioni, Milimita aliteleza kisigino huku meno ameyauma na jasho likimtoka. Dawa za maumivu alizimeza kama zilivyoandikwa, pamoja na chakula, si zaidi. Binti alichora alama kwa penseli ya useremala pembeni mwa kigae kuonyesha kisigino kilipofika, na baba, kwa tabia yake, aligombana naye kuhusu unene wa alama.

Leo goti hilo linakunjika digrii mia na tano. Anapanda ngazi. Anatembea kwenda kazini bila gongo, ingawa mguu wa kushoto humvuta. Daktari amemwambia wazi kwamba kupiga magoti kutwa nzima, hapana, iwe goti moja au yote mawili. Neno hilo lilimuuma kuliko msumeno, na hafichi.

"Sakafu ndiyo nilikuwa naijua," anasema. "Kuiangalia kutoka juu ni kama kumwangalia mtoto wako akiwa na baba mwingine."

Kwa hiyo kazi imegawanywa upya. Binti anashika sakafu, na haruhusiwi kupiga magoti bila pedi. Baba hukagua pedi zake kila asubuhi kama mwalimu anayekagua kucha. Yeye anapima, anakata na kugonga. Mpango wake, goti la pili likipona, ni kubaki na kuta tu, majikoni na mabafuni, kazi ya kusimama.

Kabla ya hapo kuna sebule ya mke. Mke ameweka sharti kwamba goti la kushoto halitoki nyumbani mpaka sakafu yake imalizike. Vigae vimekwisha nunuliwa na vimepangwa nyuma ya cherehani. Binti ataanza Jumatatu, akianzia ukutani kuja mlangoni, na kile kigae chenye alama za penseli kitawekwa palepale kilipo, mbele ya kiti. Mke ndiye aliyesema kisifutwe.

Jioni, kazi imekwisha, Milimita ameketi kwenye kiti hicho. Anaulizwa siku ya kwanza baada ya upasuaji atafanya nini, yule msichana wa mazoezi atakapofika kitandani. Mke anaacha kushona asikie jibu. Binti, aliyekuwa anaosha miko nje, anachungulia mlangoni.

Milimita anainama. Anapandisha suruali, anavua kiatu cha kulia, anaweka kisigino juu ya kigae na kukivuta taratibu, kinapita alama ya kwanza, ya pili, ya mwisho, mpaka mguu unaingia chini ya kiti.

"Hivi," anasema. "Atanikuta nimeshaanza."